Kitabu cha kuku kilichokosa pa kurudi

Baba yangu hakopi. Chumvi ikiisha usiku, nyumbani kwetu tunakula mboga isiyo na chumvi mpaka kuche, aende dukani mwenyewe na hela mkononi. Kwa hiyo aliponipigia simu siku moja mwaka 2019, saa kumi na mbili asubuhi, akaniambia anadaiwa na serikali, nilikaa kitandani nikasubiri mabaya.

“Unadaiwa nini, Baba?”

“Kitabu.”

Fundi alikuwa anabadilisha bati, na masanduku yote yalikuwa yametolewa uani. Ndani ya sanduku la tatu, chini ya maandalio ya masomo na daftari za mahudhurio za watoto ambao leo wana watoto wao shuleni, kilikuwemo kitabu cha ufugaji wa kuku. Kimevikwa nailoni ya kukinga jalada. Mgongoni kina kibandiko chenye namba 636.5 na herufi tatu za jina la mwandishi. Ukurasa wa mwisho kuna ile karatasi ya tarehe, na mhuri wa mwisho unasema 14 NOV 1994.

“Labda ulikinunua,” nilisema, nikijua nasema upuuzi.

“Mwanangu, kina mhuri wa maktaba. Mali ya umma hairithiwi. Halafu fomu yangu ya uanachama alinidhamini mwalimu mkuu. Marehemu kaondoka, sahihi yake bado iko pale.”

Kwa ambaye hakuwahi kupitia: kujiunga na maktaba ya mkoa miaka ile kulikuwa na fomu, picha, ada, na mdhamini. Mdhamini alikuwa mtu anayefahamika na kuheshimika, na alikuwa akisema kwa sahihi yake kwamba huyu akitokomea na kitabu, njooni kwangu. Desemba 1994 baba alipata barua ya uhamisho wa ghafla. Tulifunga mizigo usiku mmoja, na kitabu kikaingia sandukuni pamoja na vyombo. Kuku hao hao waliokuwa wanafugwa kwa kufuata kitabu tuliwaacha kwa jirani.

Kule tulikohamia alianza upya, kutoka kichwani, maana kitabu alikuwa ameshakisoma mpaka akakihifadhi. Nakumbuka mchoro wa banda: sakafu imeinuliwa kwa nguzo fupi, viota upande wa ukuta, dirisha la waya. Banda la namna ile lilisimama nyuma ya nyumba yetu miaka yote niliyokuwa sekondari, na mayai yaliyotoka humo ndiyo yaliyolipa karo yangu, trei kwa trei. Nikiambiwa nitaje kitu kimoja ambacho serikali iliwahi kunifanyia bila mimi kujua, nitakitaja kitabu hiki.

Nilipofika kwa baba kukichukua, alikuwa amekifunga kwenye gazeti. Pembeni ameweka trei ya mayai.

“Ya nani hii?”

“Ya faini.”

*

Mji wenyewe sitautaja, wala maktaba. Waliokuwa pale hawana kosa nitakalolieleza hapa, na ukitaja mji mdogo umetaja watu.

Safari ni ya saa mbili kwa basi, na njiani nilikuwa na muda wa kufikiri kitabu cha kuku kilivyofika mji ule kwa mara ya kwanza. Kabla ya uhuru, mtu wa bara aliyetaka kitabu cha kuazima alikuwa na njia chache. Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Ilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za huku, ikasafirisha masanduku ya vitabu, ikaazimisha kwa posta: unaandika barua, kitabu kinakuja kwa barua, unakisoma, unakirudisha kwa njia ile ile. Naipenda picha ya sanduku la vitabu likishushwa stesheni ya reli kama gunia la karanga.

Mwaka 1960 mkutubi Mwingereza, Sidney Hockey, aliandika ripoti ya namna ya kujenga huduma za maktaba katika nchi hizi. Kiini cha shauri lake ni kwamba halmashauri moja moja za miji hazina misuli ya kubeba maktaba. Kila nchi iunde bodi moja ya taifa, ilishwe na serikali kuu, nayo itandaze matawi mikoani. Tanganyika ndiyo iliyotangulia, kwa sheria ya mwaka 1963. Uganda ikafuata 1964, Kenya 1965. Ni ndugu watatu wa tumbo moja, na kila mmoja akaja kushika njia yake.

Uganda, ilipogatua madaraka, maktaba za umma zilikwenda kwa serikali za wilaya, na sheria ya mwaka 2003 ikaunda maktaba ya taifa mahali pa bodi ya zamani. Kenya nako, Katiba ya 2010 ilizipeleka kwenye kaunti. Fungua Jedwali la Nne uone zilivyopangwa: maktaba ziko orodha moja na kamari, leseni za pombe, mbio na maonyesho ya video, chini ya kichwa cha utamaduni na burudani za umma. Sisemi kusoma si burudani. Nasema tu kwamba gavana mwenye fungu moja la kugawa kati ya uwanja wa mpira na maktaba, sote tunajua Jumapili atapigiwa makofi wapi.

Tanzania Bara ilibaki na bodi moja. (Zanzibar wana shirika lao, maktaba si jambo la Muungano.) Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, ile ya barabara ambayo sasa ni Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Mkurugenzi wa kwanza wa huduma hizi alikuwa Mwingereza, E. M. Broome, baadaye akashika Mtanzania, Ezekiel Kaungamno. Mwaka 1975 ikatungwa sheria mpya, na hiyo ndiyo iliyoipa Bodi ya Huduma za Maktaba sura tunayoijua.

Nitakaa kidogo kwenye sheria hiyo, maana watu wengi wanadhani bodi ni mwenye nyumba wa maktaba za mikoa tu, kazi yake kufungua mlango na kuufunga. Kumbe imebebeshwa mzigo wa ndoo tano kichwani. Inaendesha maktaba za umma. Inatakiwa kusimamia na kushauri maktaba nyingine, zikiwemo za shule na za taasisi. Inafundisha wakutubi, chuo chake kiko Bagamoyo tangu 1989. Inapokea nakala mbili za kila chapisho linalotoka nchini, kwa mujibu wa sheria, na ndiyo inayotoa ile namba ndefu ya kimataifa iliyo nyuma ya kitabu. Na kutokana na nakala hizo inaandaa bibliografia ya taifa, kazi iliyoanza tangu 1969. Ukichapisha kitabu chako cha mashairi Sumbawanga, kisheria kuna chumba Dar es Salaam ambamo lazima kiwepo hata wewe ukifa, hata nyumba yako ikiungua.

Taasisi yenye kazi zote hizi hupimwa kwa mizani ipi? Hilo ndilo swali lililonipeleka mbali zaidi ya deni la baba, na sikulijua mpaka nilipoingia mlangoni na kitabu chini ya kwapa na trei mkononi.

*

Chumba cha kusomea kilijaa. Asiyejua angefurahi. Vijana wa kidato cha nne, wa sita, wanaorudia mitihani, wamejazana meza mpaka meza, wanapiga msuli kimyakimya. Nilipopita katikati yao niliangalia walichofungua mbele yao. Madesa. Mitihani ya miaka iliyopita iliyotolewa fotokopi. Daftari. Simu. Katika meza zote hizo niliona kitabu kimoja tu cha maktaba, na kilikuwa kimewekwa chini ya simu ili iegemee vizuri.

Siwalaumu. Nyumbani kwao hakuna meza, au kuna meza na wadogo zao sita na redio ya jirani. Maktaba inawapa kiti, taa na utulivu, na huduma hiyo ni kubwa. Lakini kitabu cha kuhesabu wageni mlangoni hakitofautishi aliyekuja kwa kitabu na aliyekuja kwa kiti. Mwisho wa mwaka namba inapanda na ripoti inapendeza. Rafu ziko pale pale.

Mezani alikuwepo dada mdogo, pengine wa miaka ishirini na tano.

“Shikamoo. Umekuja kujisajili?”

“Marahaba. Nimekuja kurudisha.”

Alipokea kitabu, akafungua nyuma, akasoma tarehe. Hakucheka, na ninamheshimu kwa hilo mpaka leo. Alisema tu, “Mimi nilikuwa sijazaliwa au nimezaliwa juzi,” akaenda kumwita mkubwa wake.

Akaja mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kwa uzi, mwendo wa mtu aliyebakiza miaka michache ya kustaafu. Akatazama namba iliyopigwa ukurasa wa ndani, akaingia stoo, akatoka na daftari kubwa la kuandikisha vitabu, lile la jalada gumu lenye pembe za kitambaa. Akatembeza kidole. Akasimama. Mstari ulikuwepo, jina la kitabu lilikuwepo, na juu yake wino mwekundu: hakijaonekana. Pembeni, kwa mwandiko mwingine: kimefutwa, 2003.

“Hiki hakipo,” alisema.

“Mama, hicho umekishika.”

“Nimekishika, ndiyo. Lakini hakipo.” Akavua miwani. “Kamati ilikaa, barua ikaandikwa, kibali kikatoka, kikafutwa. Leo nikikiandika kimerudi, basi ile taarifa ya 2003 ilikuwa ya uongo. Nisipokiandika nikakiweka rafuni, nina mali isiyo na kumbukumbu. Kote kuwili ni hoja.”

Ukimsikia mtumishi wa umma anasema hoja kwa sauti ile, usidhani anazungumzia mjadala. Hoja ni swali la mkaguzi. Hoja ina namba, ina tarehe ya mwisho ya kujibiwa, inakufuata ukihamishwa. Watu wamekosa usingizi kwa hoja. Na sheria zetu za fedha za umma zinaruhusu mtumishi alipishwe hasara aliyoisababisha kwa uzembe, kwa hiyo hofu hiyo ina miguu.

Nikamwuliza kama kitabu kikipotea analipa yeye. Akasema inategemea na mwaka na bosi. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile.

“Mwanangu, kitabu kilichosomwa mpaka kikachanika ni hoja. Kitabu kilichokaa miaka ishirini hakijafunguliwa ni mali.”

*

Nimesema nisitaje mtu, lakini sentensi ile ningependa isomwe bungeni.

Tazama usimamizi wa shirika kama hili ulivyopangwa, kwenye karatasi. Juu kuna wizara ya elimu. Kuna bodi yenyewe ya wakurugenzi. Kuna Msajili wa Hazina, anayeangalia mashirika ya umma kwa niaba ya mwenye mali. Kuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG kwa mazoea, ambaye humkabidhi Rais ripoti zake mwishoni mwa Machi, kisha zikaenda Bungeni, ambako kuna kamati ya kudumu ya uwekezaji wa mitaji ya umma. Macho matano. Mimi ni miongoni mwa watu wachache wanaosoma ripoti za CAG kwa raha, kama wengine wanavyosoma kurasa za michezo, na sina ugomvi na ukaguzi. Bila ukaguzi baba yangu angekuwa mwizi pekee mwaminifu nchini.

Ugomvi wangu ni na swali linaloulizwa. Macho yote yale yamefunzwa kuona fedha na mali. Stakabadhi ipo? Zabuni ilitangazwa? Kiti namba fulani kiko wapi? Kitabu kinaingia humo kama kiti. Lakini kiti kizuri ni kile kinachobaki chumbani. Kitabu kizuri ni kile ambacho hakipo, kiko kijijini kwa mwalimu anayejenga banda la kuku. Ukimkagua mkutubi kwa kanuni ya kiti, atafanya kama mwenye viti: atavifunga.

Na wamevifunga. Katika mkoa mwingine nilikopita kwa kazi niliona kabati la vioo la vitabu vya Kiswahili, vipya, vinang'aa, na kufuli. Nikaomba riwaya moja. Nikaambiwa funguo anazo mtu fulani, na mtu huyo yuko likizo. Alijua anachofanya. Hakuna mkaguzi aliyewahi kumwuliza kwa nini riwaya ile haijasomwa.

Mtu atasema, basi watu wangeiba vyote. Wengine wangeiba, ndiyo. Ila dukani kwa Mangi kuna unga unaomwagika na sukari inayoliwa na panya, na Mangi anajua ni kiasi gani atarajie, anakiweka kwenye hesabu, anauza. Hajafunga duka kwa ajili ya panya. Maktaba inayoazimisha ni lazima ipoteze vitabu kadhaa kila mwaka; isiyopoteza hata kimoja ndiyo ningeituma timu ya ukaguzi ikaone kulikoni.

*

Mama alinipa kiti, dada akaleta chai. Tukaongea fedha.

Nitaeleza kwa jinsi ilivyo kwa taasisi nyingi za umma, maana hakunipa takwimu za ofisi yake na mimi sikumwomba. Serikali hutoa ruzuku. Ndani ya ruzuku mishahara ina njia yake, inafika. Miradi ya maendeleo ina njia yake, inafika ikifika. Kisha kuna lile fungu ambalo kila mtumishi analiita OC, matumizi mengineyo, na humo ndimo umeme, maji, mlinzi, karatasi, mafuta ya gari na vitabu vinagombania. Fedha zikija pungufu, mkuu wa ofisi ataanza na kipi? Umeme una LUKU. Usiponunua, taa zinazima na wale vijana wa madesa wanaondoka. Mlinzi usipomlipa, haji. Kitabu hakina LUKU. Usipokinunua mwaka huu hakuna kinachozima. Mwaka wa kwanza hakuna anayegundua, mwaka wa tano pia, na ukifika wa ishirini kuna kizazi kizima kinachodhani maktaba ni chumba cha kujisomea.

Pengo linazibwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni makusanyo ya ndani: ada za wanachama, kukodisha ukumbi, huduma ndogondogo. Mwaka 1994, mwaka wa kitabu chetu, UNESCO na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba walitoa tamko lililosema huduma ya maktaba ya umma, kimsingi, iwe bure. Baba mwaka huo alilipa ada, tena kwa mshahara wa mwalimu uliokuwa umechelewa, na anasema haikumwuma. Huenda. Lakini yeye alikuwa mwalimu. Mama ntilie aliyetaka kujua namna ya kutunza vifaranga angepita pale mlangoni, akaona tangazo la ada na mdhamini, akaendelea na safari yake.

Njia ya pili ni misaada. Kuna shirika la Uingereza linaloitwa Book Aid International, lililoanza mwaka 1954 kwa jina lingine, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likileta vitabu kwenye maktaba za Afrika, za Tanzania zikiwemo. Siku hizi huleta vipya kutoka kwa wachapishaji. Nawashukuru bila kejeli. Vitabu vya uuguzi na vya uhandisi niliviona pale, vizuri kuliko nilivyotumia mimi chuoni. Ila vimeandikwa kwa Kiingereza. Kwenye kona ya watoto nilifungua kimoja chenye picha za mnyama mwenye mistari myeupe na myeusi usoni, anaishi shimoni, amevaa koti. Nikamwuliza dada huyu mnyama watoto wanamwitaje. Akasema, “Tunamwita nguchiro, yaishe.”

Kwenye namba 896.392, ambako mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba, umeweka fasihi ya Kiswahili, rafu ilikuwa na urefu wa mikono yangu miwili. Karibu nusu ilikuwa vile vinavyotahiniwa shuleni, nakala nyingi za kimoja. Nchi hii inatoa watunzi, wachapishaji wadogo wanahangaika na nakala mia tano zilizolala sebuleni, na sheria inawataka wapeleke nakala mbili Dar es Salaam bure. Hizo ni za kuhifadhiwa, si za kuazimwa. Nakala ya tatu, ya kununuliwa, iende mkoani ikasomwe, hiyo nani anainunua?

Si ndoto ya ajabu. Norwei, nchi yenye lugha ya watu wachache, tangu 1965 serikali hununua nakala za vitabu vipya vya fasihi vya Kinorwei na kuzigawa kwenye maktaba. Mwandishi analipwa, mchapishaji hafi, msomaji wa kisiwani anapata. Na tusiseme wao wana mafuta, maana 1965 walikuwa hawajayachimba. Hapa kwetu, Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, ulitumia akili hiyo hiyo: mchapishaji akitoa kitabu cha mtoto kwa Kiswahili, mradi unanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shule za msingi. Waandishi wengi wa watoto tulionao walianzia humo. Kwa hiyo tunajua inavyofanyika. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye bajeti wenye neno vitabu peke yake, usiochanganywa na mafuta ya gari, na mbunge mmoja wa kuuliza kila mwaka mstari huo umefika lini na umenunua nini.

Ningeongeza swali la pili kwa mbunge huyo: kitabu chenu kipya kuliko vyote kuhusu kuku ni cha mwaka gani?

Nililiuliza mimi. Mama akanipeleka 636.5. Kulikuwa na vitabu viwili. Kimoja cha Kiingereza, kuku wa kibiashara, mashine za kutotolea, mabanda marefu kama mabweni. Kingine kimeliwa na mchwa mgongo mzima. Tena hata kitabu cha baba, kwa haki, kimepitwa. Kinasema kuhusu kideri kwamba ugonjwa ukiingia ndani ya banda, chinja na uchome. Chanjo ya tone moja la jichoni kila baada ya miezi mitatu, ambayo baba sasa anawachanjia kuku wa nusu ya kitongoji, haimo, ilikuja baadaye. Hicho ni kitabu cha kustaafishwa kwa heshima. Lakini kustaafisha kunataka wa kupokea kijiti.

*

Ufumbuzi aliupata dada mdogo.

“Mama, si tukiandike zawadi?”

Kuna fomu ya zawadi. Mtu binafsi anatoa kitabu, maktaba inakipokea, kinapewa namba mpya, hakihusiani na kitabu chochote kilichowahi kufutwa. Mama akaitafakari kama mtu anayepima daraja kwa mguu. Haina hoja, akasema. Serikali itapokea kwa shukrani kitabu ilichokinunua yenyewe.

Akaanza kujaza. Jina la mtoaji. Nikampigia baba.

“Wanasema waandike kwamba umewapa zawadi.”

“Zawadi ya nini? Ni chao.”

“Najua ni chao, Baba. Ndiyo njia iliyopo.”

Kimya. Nilisikia kuku nyuma yake, na fundi akigonga bati.

“Basi wasiandike jina langu,” alisema. “Waandike la mwalimu mkuu.”

Nikalitaja, herufi kwa herufi, mama akaliandika. Penye thamani akachora mstari. Akapiga mhuri mpya kando ya ule wa zamani, akatoa namba mpya, na dada akakipeleka rafuni, katikati ya kile cha Kiingereza na kile cha mchwa.

Nikauliza faini. Mama akasema zawadi haina faini.

Hapo nikaiinua trei ya mayai kutoka chini ya kiti, nikaeleza ametuma nani na kwa nini. Mama aliitazama muda mrefu, mayai thelathini, mengine yana unyoya. Akacheka mpaka akavua miwani.

“Hii nayo,” akasema, “nikiipokea ni hoja.”

Tukaiacha kwa mlinzi.